Umelipa kwa Kadi, Lakini Mwenye Duka Hajaona Senti

Ni Ijumaa jioni mwanzoni mwa Januari, na Jumatatu shule zafunguliwa. Wewe msomaji umebanana na wazazi wenzako ndani ya duka la sare. Mtoto mmoja umemshika mkono, mwingine anajaribu viatu kwa mara ya tatu na bado vinambana. Hatimaye hesabu yajumlishwa: sweta mbili, sketi, kaptura, soksi na viatu, jumla shilingi 4,800. Unatoa kadi ya benki, unaichomeka katika kile kimashine kilicho juu ya meza, unabonyeza nambari yako ya siri huku umeikinga kwa kiganja, na baada ya sekunde chache risiti yatoka ikisema malipo yamekubaliwa. Simu yalia mfukoni. Ni benki inayokuarifu kwamba shilingi 4,800 zimetoka katika akaunti yako. Unabeba mfuko wako na kwenda zako.

Je, pesa hizo ziko wapi wakati huo?

Wengi wetu tungejibu bila kufikiri kwamba ziko kwa mwenye duka. La hasha! Hazijafika kwake, hazitafika usiku huo, na yamkini hazitafika kesho wala kesho kutwa. Isitoshe, siku zitakapofika hazitakuwa 4,800.

Mimi mwenyewe sikuyajua haya hadi Januari moja, miaka kadhaa iliyopita, shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Thika akiwa amepandwa na mori. Ana duka la sare za shule huko, na Novemba ya mwaka uliotangulia alikuwa ameomba mashine ya kadi kutoka benki yake, baada ya kuchoshwa na wateja waliokuwa wakimwambia, "Ngoja nikatoe pesa," kisha wasirudi. Mashine ililetwa, mpwa wake anayekaa kwenye kaunta akafunzwa kwa muda wa nusu saa, na msimu wa kufungua shule ukafika. Kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi walikuwa wameuza kwa kadi bidhaa za zaidi ya shilingi laki mbili. Sweta za kijani zilikuwa zimekwisha kabisa.

Jumatatu asubuhi alifika benki kuchukua pesa za kumlipa muuzaji wa jumla jijini Nairobi, ambaye hatoi mzigo bila kuona pesa. Akaunti ilikuwa kama alivyoiacha Jumatano. Hakuna hata shilingi moja iliyoongezeka.

"Wameniibia mchana peupe!" alinguruma kwenye simu.

Kumbe hakuna aliyeibiwa. Afisa wa benki alimsikiliza kwa utulivu, kisha akamuuliza swali moja tu: "Mzee, mashine mlikuwa mkiifunga jioni?"

"Kila jioni," alijibu shemeji. "Mpwa wangu huizima na kuiweka kwenye droo."

Hapo ndipo penye shida. Kuizima mashine ni jambo moja, na kufunga hesabu ya siku ni jambo lingine kabisa. Kila jioni keshia anatakiwa kuingia katika orodha ya mashine, achague sehemu ya kufunga hesabu, na asubiri hadi itoe karatasi ndefu yenye jumla ya mauzo yote ya siku hiyo. Ni wakati huo tu ambapo mashine hupeleka madai ya duka kwa benki. Mauzo ya siku tatu yalikuwa yamelala ndani ya droo pamoja na mashine. Walipofunga hesabu Jumatatu hiyo mchana, pesa ziliingia Jumatano. Katika siku hizo mbili wazazi waliokuwa wakitafuta sweta za kijani walizipata duka la tatu kutoka kwake, na wengine hawajarudi mpaka leo.

SAFARI YA SHILINGI 4,800

Ili uelewe kilichompata shemeji, turudi kwenye ile Ijumaa yako jioni na tuifuate kadi hatua kwa hatua. Ndani ya biashara hiyo ndogo mko wanne, wala si wawili. Kuna wewe mteja, kuna mwenye duka, kuna benki yako iliyokupa kadi, na kuna benki ya mwenye duka iliyompa mashine. Katikati ya benki hizo mbili kuna mtandao unaoziunganisha, kama vile Visa au Mastercard. Mtandao huo hauna pesa zako wala hauweki akaunti yako. Kazi yake ni kupeleka habari, kupiga hesabu na kuweka kanuni ambazo benki zote zimekubali kuzifuata.

Itazame kadi yako. Nambari ikianza na 4, hiyo ni ya Visa. Ikianza na 5, au 2 kwa baadhi ya zile zilizotolewa karibuni, ni ya Mastercard. Tarakimu chache za kwanza, sita kwa utaratibu wa zamani na nane kwa utaratibu mpya, hutambulisha benki iliyoitoa. Kwa njia hiyo mashine iliyoko Thika hujua papo hapo ni mlango wa nani wa kubisha. Tarakimu ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi tu. Hupatikana kwa hesabu iliyobuniwa miaka ya 1950 na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, na mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Mtu akikosea tarakimu moja anapoandika nambari ya kadi, hesabu inakataa kulingana na kosa linagunduliwa kabla halijafika mbali.

Basi ulipochomeka kadi, mashine ilituma swali: je, mwenye kadi hii anaweza kulipa shilingi 4,800? Swali likapitia benki ya mwenye duka, likaingia kwenye mtandao, likafika benki yako. Benki ikaangalia kama kadi ni halali, kama nambari ya siri ni sawa, na kama una pesa za kutosha. Jibu likarudi kwa njia ile ile, likiwa limefupishwa kuwa tarakimu mbili. Tarakimu 00 maana yake ni sawa, endelea. Nambari 51 ni kwamba pesa hazitoshi, 54 ni kwamba kadi imepitwa na tarehe, 55 ni kwamba nambari ya siri si sahihi. Nambari 91 ni kwamba benki iliyotoa kadi haipatikani wakati huo, na hilo si kosa lako hata kidogo. Kwa hivyo siku keshia atakapokuambia mbele ya foleni nzima kwamba kadi imekataa, usione haya kabla ya kuuliza imetoa nambari gani.

Sasa sikiliza kwa makini. Benki yako iliposema sawa, haikutuma hata senti. Ilifanya mambo mawili tu: iliahidi kulipa, na ikazizuia shilingi 4,800 katika akaunti yako usije ukazitumia mara ya pili. Ule ujumbe ulioingia kwenye simu yako ulikuwa habari ya ahadi. Ahadi ni deni, walisema wahenga, na risiti aliyobaki nayo mwenye duka ni kama hati ya deni hilo.

Ukilielewa jambo hilo utaelewa pia ule mkasa unaowatoa watu jasho katika maduka makubwa, ambapo mashine inasema malipo yameshindikana lakini simu inasema umekatwa. Huenda ahadi ilitolewa na benki, kisha mawasiliano yakakatika kabla jibu halijaifikia mashine. Kwa kawaida mashine hutuma ujumbe wa kufuta, na pesa zilizozuiwa zikaachiliwa, ingawa wakati mwingine huchukua siku kadhaa. Omba ile karatasi ya malipo yaliyoshindikana, uihifadhi, na pesa zisipoachiliwa uende nayo kwa benki yako mwenyewe. Kumkemea keshia hakusaidii. Hana pesa zako, na hata akitaka kukurudishia hana kitu cha kurudisha.

Basi usiku ule, ikiwa mwenye duka amefunga hesabu ipasavyo, madai yake yote hufika kwa benki yake katika furushi moja. Benki huyachambua. Madai ya wateja wake yenyewe huyamaliza ndani ya nyumba, na yaliyobaki huyapeleka kwa mtandao, ambao nao huyagawa kwa kila benki inayodaiwa. Hapo ndipo ahadi yako inapogeuka kuwa deni halisi katika vitabu, na ile alama ya kuzuia inapokuwa pesa zilizotoka kweli.

Lakini hata hapo benki hazipelekeani pesa kwa kila sweta na kila soksi. Fikiria akina mama wawili wanaouza mboga wakiwa jirani sokoni. Asubuhi mmoja aazima nyanya za shilingi 300 kwa mwenzake. Adhuhuri mwenzake aja kuchukua vitunguu vya 200. Jioni hawahesabiani noti za 300 upande huu na za 200 upande ule. Mmoja ampa mwenzake shilingi 100, wakaagana. Benki nazo hufanya vivyo hivyo. Tuseme wateja wa benki ya kwanza wametumia shilingi milioni 9 katika maduka ya benki ya pili, na wateja wa benki ya pili wametumia milioni 7 katika maduka ya benki ya kwanza. Mtandao hupiga hesabu, na zinazovuka ni milioni 2 tu. Mahesabu ya namna hiyo kati ya benki nyingi, nchi nyingi na sarafu nyingi hufanywa kila siku ya kazi.

Baada ya benki ya mwenye duka kupata haki yake, ndipo humwekea mteja wake pesa kwenye akaunti. Benki nyingi hufanya hivyo siku moja au mbili za kazi baada ya hesabu kufungwa. Ukinunua Ijumaa jioni, basi, Jumamosi na Jumapili kwa kawaida hazihesabiwi. Mwenye duka aangalie akaunti yake Jumatatu au Jumanne. Sikukuu ikiangukia hapo, aongeze siku nyingine.

ENZI ZA KARATASI

Kama unadhani siku mbili ni nyingi, waulize wazee waliowahi kufanya kazi katika hoteli za watalii. Walikuwa na kifaa cha chuma chenye mkono wa kusukuma mbele na nyuma. Kadi iliwekwa chini, karatasi zenye kaboni juu yake, mkono ukasukumwa kwa kishindo, na nambari zilizochongwa kwenye kadi zikajichapa kwenye karatasi. Mteja akatia sahihi. Nakala moja ilikuwa yake, nyingine ya hoteli, na nyingine ikapelekwa benki ndani ya bahasha pamoja na hundi. Kwa kiasi kikubwa cha pesa, karani alilazimika kwanza kupiga simu kuomba ruhusa, huku mgeni akisubiri na teksi ikinguruma nje.

Mambo yalianzia Marekani. Diners Club, iliyoanzishwa New York mwaka wa 1950, iliwalipia wanachama wake katika mikahawa na kuwakata wenye mikahawa asilimia 7 ya kila hesabu. Jambo hilo la kumkata mwenye duka badala ya mteja limebaki nasi hadi leo. Septemba 1958, Bank of America iliwatumia wakazi wa mji wa Fresno, katika jimbo la California, kadi zipatazo 60,000 kwa posta. Hakuna aliyekuwa ameomba. Leo benki ikithubutu kufanya hivyo tungeishtaki, lakini kadi ile, iliyoitwa BankAmericard, ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka wa 1976 na kuwa Visa.

Kilichokaribia kuiua biashara hiyo changa kilikuwa hasa karatasi. Kadri benki nyingine zilivyojiunga, ndivyo risiti zilivyorundikana. Benki ya mji mmoja ilikuwa na maelfu ya vipande vya kuidai benki ya mji mwingine, kila moja ikiwa na makarani wake wa kuvipanga na kuvituma kwa posta, na hakuna aliyejua kwa yakini ni nani anayemdai nani. Mtu aliyeisukuma kazi ya kuvunja mrundiko huo alikuwa Dee Hock, mfanyakazi wa benki kutoka Seattle aliyeongoza shirika jipya la benki hizo kuanzia mwaka wa 1970. Mwaka wa 1973 shirika lake lilizindua mfumo wa kompyuta wa kuomba ruhusa ya malipo, na mwaka uliofuata ukaja wa kuchambua madai na kupiga hesabu kati ya benki. Angalia kwamba tangu hapo ilikuwa mifumo miwili tofauti. Mmoja ulikuwa wa kuahidi na mwingine wa kulipa. Ile mashine ya shemeji kule Thika bado inafuata mgawanyo huo huo, na kutoujua ndiko kulikomkosesha mauzo.

Hapa Kenya kuna jambo linalotuchanganya zaidi, nalo ni simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilituzoesha kwamba pesa zikitumwa zimefika. Na mnunuzi anapolipa kwa nambari ya duka, mwenye duka huona pesa kabla mteja hajaweka simu mfukoni. Kwa nini kadi isiwe hivyo?

Jibu ni rahisi kuliko unavyofikiri. Katika M-Pesa, wewe na mwenye duka mmeandikwa katika kitabu kimoja cha kampuni moja. Kukulipisha ni kupunguza mstari wako na kuongeza mstari wake, basi. Pesa zenyewe zimelala katika akaunti za amana kwenye benki na hazikutikisika hata kidogo. Katika kadi kuna vitabu viwili, vya benki mbili ambazo pengine ziko katika mabara mawili, na hakuna benki itakayomwandikia mteja wake pesa kwa furaha kabla haijajua mwenzake amelipa. Mtalii anaweza kufika Malindi na kadi iliyotolewa Ujerumani akaagiza kamba bila kufungua akaunti yoyote hapa. Upana huo ndio unaolipiwa kwa kungoja.

NANI ANAKULA SHILINGI 120?

Tumesema pesa hazifiki zote. Chukua mfano kwamba mkataba wa mwenye duka na benki yake ni wa asilimia 2.5. Katika 4,800 zako atakatwa shilingi 120 na kubaki na 4,680. Viwango hutofautiana kwa ukubwa wa duka, aina ya biashara na aina ya kadi, na duka kubwa lenye matawi kila mtaa lina nguvu ya kupatana kuliko kibanda kimoja cha Thika.

Shilingi hizo 120 hugawanywa mara tatu. Fungu ambalo mara nyingi ndilo kubwa zaidi huenda kwa benki yako wewe mteja, kupitia ada ambayo wenye kazi huiita intachenji. Kipande kingine ni cha mtandao. Kilichobaki ni cha benki ya mwenye duka, iliyonunua mashine na inayobeba hatari ikiwa duka litafungwa ghafla. Kwa hivyo benki yako inapokutangazia alama za zawadi kila ununuapo kwa kadi, tambua kwamba zawadi hiyo haikutoka mbinguni. Kwa sehemu fulani imelipwa na yule mama aliyekushonea sketi.

Wenye benki hutetea ada hizo kwa kusema kwamba bila kadi mteja asingenunua, kwamba pesa taslimu nazo zina gharama ya kuhesabu, kulinda na kuibiwa, na kwamba ulinzi dhidi ya walaghai si wa bure. Hayo yana ukweli. Hata hivyo, tafakari hesabu ya duka dogo. Tuseme katika 4,800 faida halisi ya mwenye duka ni shilingi 600. Asilimia 2.5 yasikika ndogo, lakini haikatwi kwenye faida, hukatwa kwenye jumla. Shilingi 120 katika 600 ni moja ya tano ya kipato chake. Wabunge wa Ulaya waliliona jambo hilo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2015 iliweka kikomo cha ile intachenji kuwa asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Kwa sare zako, asilimia 0.2 ingekuwa shilingi 9 na senti 60.

Sasa huenda umefahamu kwa nini maduka mengine hukuambia mashine haina mtandao, ilhali umeiona ikimlipisha mtu dakika tano zilizopita. Mwenye duka anahitaji taslimu za kesho asubuhi, au bidhaa unayonunua ina faida nyembamba mno. Wengine hukuongezea ada juu ya bei ukitoa kadi, jambo ambalo kanuni za mitandao ya kadi kwa kawaida hukataza. Sisemi wanafanya vyema. Mimi nikikutana na duka la namna hiyo huuliza bei ya kadi kabla ya kupimiwa chochote, na nisiporidhika huondoka.

PESA ZILIZORUDI MEI

Shemeji alidhani akishajua kufunga hesabu amemaliza masomo. Kumbe lilibaki somo moja, tena la ghali kuliko lile la kwanza.

Katikati ya Januari ile ile mtu mmoja alimpigia simu, akasema ni msimamizi wa kwaya na anataka sweta na mashati ya shilingi 18,600. Hakuweza kufika dukani. Akasoma nambari za kadi kwa simu, na kwa kuwa mashine wakati huo iliruhusu nambari kubonyezwa kwa mkono, mpwa alizibonyeza. Jibu likaja: 00. Mtu wa pikipiki akafika, akafungasha mzigo, akaenda. Pesa ziliingia kwenye akaunti baada ya siku mbili kama ilivyo ada, na zikatumika.

Wiki ya kwanza ya Mei benki ilizitoa tena.

Mwenye kadi halisi alikuwa amekagua taarifa yake ya akaunti, akaona sare za kwaya asizozijua, akalalamika kwa benki yake. Kanuni za Visa na Mastercard humpa mwenye kadi, kwa malalamiko mengi, hadi siku 120 za kufanya hivyo. Benki ya mlalamikaji hurudisha dai kupitia mtandao, benki ya mwenye duka hukatwa, nayo humkata mwenye duka na kumpa siku chache za kuleta ushahidi. Shemeji angeonyesha nini? Kadi haikuchomekwa, nambari ya siri haikubonyezwa, sahihi hakuna. Yule wa pikipiki hakuacha hata jina. Ile 00 iliyomtia moyo ilimaanisha tu kwamba kadi ilikuwa hai na pesa zilikuwepo siku hiyo. Haikusema kwamba aliyekuwa kwenye simu ndiye mwenyewe.

Kadi inapochomekwa kwa kile kipande cha dhahabu na nambari ya siri ikabonyezwa, kwa kawaida hasara ya kadi bandia haimwangukii mwenye duka. Mauzo ya simu na ya intaneti ni jambo jingine, maana hapo aliyeuza bila kuiona kadi ndiye anayebeba mzigo, isipokuwa kama amejiunga na utaratibu wa kumthibitisha mnunuzi, kama ule wa kutumiwa nambari ya muda kwenye simu. Wewe unayeuza nguo au keki kupitia simu kutoka sebuleni mwako, lishike hilo.

Na kwa upande wako kama mteja, haki hiyo ni yako pia. Soma taarifa ya akaunti yako kila mwezi, mstari kwa mstari. Ukiona jina la duka usilolijua, usiharakishe kulia, kwa sababu mara nyingi jina lililosajiliwa benki si lile lililoandikwa juu ya mlango. Ukishathibitisha kwamba si ununuzi wako wala wa mtu wa nyumbani mwako, lalamika mara moja kwa maandishi. Ninasema wa nyumbani kwa sababu najua familia moja iliyopigania malipo ya mchezo wa kompyuta kwa wiki tatu, hadi kijana wao wa darasa la saba alipokiri mezani wakati wa chakula cha jioni.

Kule Thika mambo yamebadilika kidogo. Shemeji aliiomba benki ifunge kabisa njia ya kubonyeza nambari kwa mkono. Saa mbili unusu usiku mpwa wake hashiki kufuli kabla mashine haijatoa ile karatasi ndefu, na jumla yake hulinganishwa na daftari la mauzo. Risiti hupigwa nakala kila Jumamosi, kwani karatasi za mashine hizo hufifia zikikaa kwenye droo yenye joto hadi zikawa nyeupe kama hazikuandikwa kitu. Na Desemba iliyofuata alisafiri hadi Nairobi kumwona muuzaji wa jumla, akamweleza waziwazi kwamba msimu wa shule ukifika malipo ya sweta yatakuwa Jumatano, si Jumatatu, akamwonyesha hata karatasi za benki. Mzee yule alizigeuzageuza, akamrudishia, akasema hakuna neno, Jumatano atangoja, mradi shilingi elfu tano aziache pale mezani taslimu.